Kipindupindu Kilivyoisha kwa Kipaza Sauti

Gari la matangazo lilipita mtaani kwetu Magomeni, hapa Kilosa, asubuhi, nikiwa nyuma ya nyumba namwaga maji niliyofulia. Lilikuwa gari lilelile lililopita mwisho wa masika kutuambia tusiuze chakula cha kupika, tusikusanyike misibani, tusitoke Kilosa bila kupita kwa bwana afya. Sauti pia ilikuwa ya mtu yuleyule, ila safari hii alikuwa mchangamfu. Alisema wananchi mnatangaziwa kwamba kipindupindu kimedhibitiwa, karantini imeondolewa, masoko yafunguliwe, vilabu vya pombe vifunguliwe, shughuli zote ruksa. Kisha, bila hata kuvuta pumzi, akasema wananchi wote mnakaribishwa kwenye mkutano mkubwa wa hadhara, Jumamosi, uwanja wa mpira, mgombea atahutubia na ngoma zitakuwepo.

Nilisimama pale na beseni mkononi. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimemwona jirani wetu wa nyumba ya nyuma akipelekwa kambi ya wagonjwa, kule shuleni, amelazwa juu ya mlango uliong'olewa. Alikuwa bado hajarudi. Mbele ya mlango wake chokaa ilikuwa bado nyeupe. Sasa kimedhibitiwa wapi?

Nataka nieleweke, maana nimesemwa sana. Sikuwa mtu wa chama chochote, wala cha zamani wala hivi vipya vilivyokuwa vinaota kila mtaa. Nilikuwa na kidato cha nne ambacho hakikunipeleka popote, mume aliyepunguzwa kazini na sasa anauza mitumba sokoni, na mtoto mmoja wa kike. Na huyo mtoto hakuwepo nyumbani.

Nilikuwa nimempeleka Mikumi kwa mama yangu kuachishwa ziwa. Huku kwetu wanawake wengi hufanya hivyo. Mtoto anakwenda kwa bibi, mama anabaki nyumbani na matiti yanayomwuma, na haruhusiwi kumfuata mpaka bibi mwenyewe aseme kwamba mtoto amesahau. Mama haamui, baba haamui. Ni bibi tu. Nilimpeleka akiwa ndiyo kwanza ameanza kukimbia bila kuanguka, na nilitegemea ningemfuata baada ya wiki chache. Katikati ikaingia karantini. Wiki chache zikawa kiangazi kizima.

Katika kiangazi hicho baba mkwe alikufa. Asubuhi alikuwa anatia mpini jembe, mchana hakuweza kusimama, jioni wakamchukua. Hatukumwona tena. Alizikwa na watu wa afya waliovaa mabuti, amefungwa kwenye nailoni, chokaa chini na chokaa juu. Mama mkwe hakuruhusiwa kumwosha. Matanga hayakuwekwa. Watu walitupa pole kutoka barabarani wakapita, na wanawake wa kanisani waliimba wakiwa nje ya dirisha, wamesimama mbalimbali kama miti ya mkonge. Nililia siku ile. Nasema hivi ili pasiwe na mtu wa kusema nilidharau huzuni ya yule mama.

Basi gari lilipopita, mama mkwe alitoka chumbani akiwa amejifunga kanga kifuani, akasimama uani akilisikiliza mpaka sauti ikapotelea upande wa stesheni. Halafu akaniambia, taratibu kabisa, "Umesikia? Sasa mume wangu atazikwa."

Alikuwa na maana ya kuanua matanga, ile karamu ya kufunga msiba iliyokuwa imekatazwa. Nami nilijua jinsi wanavyofanya. Katika ukoo wao, siku ya kuanua matanga, mjukuu mdogo kuliko wote hukalishwa kwenye kigoda cha marehemu na kulishwa tonge la kwanza, kutoka kwenye sinia lilelile ambalo wazee watakula. Kabla ya tonge, watu hunawa kwenye bakuli moja, kuanzia mkubwa kushuka kwa mdogo, maji yaleyale yakitoka mkono hadi mkono. Mtoto hunawishwa mwisho. Mpaka mjukuu ale, hakuna anayekula.

Mjukuu mdogo kuliko wote alikuwa wangu.

Jioni ile tulikaa jikoni watatu. Mume wangu alikuwa na furaha, kwa sababu soko lilikuwa limefunguliwa na alikuwa ameshauza mashati.

"Wiki ijayo utamfuata mtoto," aliniambia. "Jumapili inayofuata tunaanua."

"Simfuati," nikasema. "Ugonjwa haujaisha."

"Wametangaza."

"Wametangaza mkutano. Kuisha kwa ugonjwa kumepakiwa humohumo ndani ya gari."

Alicheka. Yeye ana namna yake ya kuona mambo. "Mke wangu, siasa ni kisingizio tu. Wamefungua kwa sababu ya wafanyabiashara. Wenye malori ya mahindi wamepiga kelele mpaka Morogoro. Siku hizi ni biashara huria, huwezi kuifunga wilaya nzima kwa sababu watu wa Magomeni wanaharisha."

"Kwa hiyo na wewe unakubali hawakufungua kwa sababu kimeisha."

"Nakubali wamefungua. Sababu ni yao, shati ni langu."

Mama mkwe alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua macho. "Walipofunga mlisema serikali inajua," alisema. "Walipomzika mume wangu kama mzoga mlinishika mikono, mkasema mama, vumilia, serikali ina wataalamu. Wewe mwenyewe mkwe wangu ulinishika mkono huu wa kulia. Leo wataalamu walewale wamesema basi, mnaanza ujuaji."

Hata leo nikifikiria, hoja yake ndiyo ilikuwa nzito kuliko zetu zote. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira haingoji hoja.

"Mama, walipofunga hawakuwa na shida na sisi," nikasema. "Sasa wana shida na sisi Jumamosi, uwanjani."

"Haya, msomi wetu." Akamgeukia mwanawe. "Umeoa mtu anayeona mpaka ndani ya tumbo la serikali. Angekuwa bwana afya, baba yako angepona."

Mume wangu alitazama moto. Mimi nilitoka nje.

Jumamosi nilikwenda uwanjani. Sikwenda kusikiliza. Nilitaka kuona watakachokula. Niliwaza hivi: kama hawa watu wanaamini walichotangaza, watakunywa maji yetu.

Watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona tangu masika. Wamekuja kwa miguu, kwa baiskeli, kwa malori yaliyotumwa vijijini, wengine na watoto mgongoni. Kina mama wa chama walikuwa wamepika pilau kwenye masufuria makubwa chini ya turubai. Mgombea alifika amechelewa, akapanda jukwaani, akatusalimia kwa kuinua mikono yake miwili juu na kuishikanisha, yeye kwa yeye. Watu walinyoosha mikono yao kutoka chini. Hakugusa hata mmoja. Maji aliyokunywa yalitoka garini kwenye chupa ya chai. Pilau ililetwa, ikafunuliwa, ikasifiwa, ikafunikwa.

Nikazunguka nyuma ya jukwaa. Pale kwenye ngazi kulikuwa na ndoo ya maji ya dawa, harufu yake naijua, na bwana afya wetu amesimama pembeni na kata. Kila mgeni aliyeshuka alimiminiwa, akanawa. Uwanja mzima ule, pamoja na pilau yote ile, ndoo ilikuwa hiyo moja.

"Shikamoo bwana afya," nikasema.

"Marahaba."

"Kama kimeisha, dawa ya nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kuhusu mkewe. "Ni tahadhari tu," alisema.

"Na sisi tahadhari yetu iko wapi?"

"Dada, nenda kasikilize hotuba."

Nilimsimulia mume wangu, nikidhani nimeshinda. Hakushtuka hata kidogo. "Wakubwa ndivyo walivyo," alisema. "Hata kabla ya kipindupindu uliwahi kumwona mkubwa anakula pilau ya uwanjani? Hiyo si siri, hayo ni maringo." Kisha akanikabidhi nauli ya kwenda Mikumi na kurudi, ya kurudi ikiwa ya mtu mzima aliyepakata mtoto.

Nilikwenda. Mpango wangu, nikisema kweli, ulikuwa ni kufika kwa mama, kumweleza, kisha tukae tufikirie pamoja la kufanya. Basi la abiria lilipotoka mjini nikaona kizuizi cha afya kimeachwa. Benchi la bwana afya lilikuwa limepinduliwa, mbuzi amesimama juu yake. Abiria wakacheka. Mimi nilihesabu kuwa mle ndani tulikuwa tumetoka mitaa yote ya ugonjwa, na hakuna aliyetuuliza hata jina.

Mama yangu ni mama lishe pale Mikumi, kando ya barabara kuu, malori ya kwenda na kutoka Zambia yanapopaki. Kiangazi chote alikuwa amefungiwa kibanda. Nilipofika nilikuta moshi. Mama amejifunga aproni yake ya zamani, anageuza nyama, wanaume wamejaa kwenye mabenchi, na sauti yake niliisikia kabla sijavuka barabara.

"Mama, nasikia huko Kilosa watu wanakufa," dereva mmoja alikuwa anamwambia.

"Wanakufa kwa kuukosa ugali wangu. Kaa hapo ule."

"Na haya maji vipi?"

"Ya bomba. Au unataka nikuchemshie kama kichanga, nikupakate kabisa?"

Wenzake wakamcheka, naye akanywa. Glasi nzima.

Nilimwamkia mama, akaitikia, akanivuta pembeni kwenye magunia ya mkaa. Nikamwaga yote: jirani aliyebebwa, gari, ndoo ya nyuma ya jukwaa, kigoda, tonge. Alisikiliza huku jicho lake liko kwenye nyama.

"Mwanangu, hasira zako hizi zitakuzeesha," alisema. "Serikali haiwezi kufungua kama hakijaisha. Wao hawana watoto? Hawapiti barabara hii? Kimekwisha. Kimekwisha, na sisi tumeshukuru."

"Nani amekuambia kimekwisha?"

"Wametangaza."

Nilitamani kupiga kelele. Kila niliyemgusa alikuwa na neno hilo hilo moja. Nikamwacha, nikaingia chumbani kwake nyuma ya kibanda kumwona mwanangu.

Alikuwa amelala kwenye mkeka, amerefuka, nywele zimenyolewa. Sikumgusa. Nilipoinua macho ndipo nikaona kona. Kulikuwa na jiko dogo la mkaa, peke yake, na sufuria ndogo juu yake inachemka maji matupu. Pembeni mtungi umefunikwa kwa sahani, juu ya sahani jiwe. Kikombe kimoja cha bati kilining'inia kwenye msumari, juu sana, mahali ambapo mkono wa mtu anayepita usingekifikia. Sabuni kwenye kifuu. Sahani ndogo, kijiko kidogo, vimefungwa kwenye kitambaa safi. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichokuwa nje, kwa wateja.

Mama alikuwa ameingia nyuma yangu.

"Haya maji ya nani?" nikamwuliza.

"Ya mtoto."

"Si umesema kimekwisha?"

Alishusha pazia la mlango. "Kimekwisha kwa wateja," alisema.

Kule nje mtu alikuwa anaita mama, ongeza mchuzi.

"Tofauti yako na lile gari ni nini?" nikamwuliza. Ni mama yangu, na nilimwuliza hivyohivyo, nikimtazama machoni.

"Mimi sina kipaza sauti," alisema. Hakukasirika. "Na mimi ndiye niliyemlisha mwanao kiangazi chote kibanda kikiwa kimefungwa. Hujaniuliza nilimlisha nini. Nilikwenda kulima vibarua na yeye mgongoni. Leo wakinifungulia, nisimame hapa niwaambie madereva jamani msinywe? Watavuka pale kwa jirani, na jirani hachemshi hata ya mtoto."

"Wachemshie basi wote."

"Kwa mkaa wa nani?"

Mtoto aliamka kwa sababu ya sauti zetu. Alikaa, akajifikicha macho, akanitazama. Nilipiga magoti. Matiti yangu, ambayo nilidhani yameshakauka na kusahau, yaliuma. Yeye alinitazama vizuri kabisa, kwa adabu, kama mtu anavyomtazama nesi, kisha akaenda kujificha nyuma ya aproni ya bibi yake.

Mama alimbeba. Akawa anamtikisa.

"Kawaambie hajasahau ziwa," alisema.

"Mama, amesahau. Mpaka mimi amenisahau."

"Nimesema hajasahau. Anayesema ni mimi, si wewe. Kawaambie hivyo, na wakitaka kubisha waje hapa wabishane na mimi."

Nilirudi Kilosa na ile nauli ya kumpakata mtoto, bila mtoto. Mama mkwe alinisubiri mlangoni. Nilimwamkia, nikampa ujumbe kama nilivyopewa.

"Tangu masika hajasahau?"

"Bibi yake ndivyo alivyosema, mama."

Hilo hakuweza kulivunja, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba neno ni la bibi. Alinitazama sana. "Mama yako amefungua kibanda?"

"Amefungua."

"Watu wanakula?"

"Wanakula."

"Basi na yeye anaamini kimekwisha."

Nilikwenda kuvua viatu. Sidhani kama alikuwa anauliza.

Jumapili waliyaanua matanga. Ng'ombe alinunuliwa kwa wafugaji wa Rudewa, ndugu walitoka Mvumi na wengine kule milimani, ua ukajaa. Watu walikuwa na kiu ya kukaa pamoja, hilo nilishuhudia. Walishikana, waliegemeana, walilia kilio kilichokuwa kimezuiwa tangu siku ile ya nailoni. Bakuli la kunawia likaanza kwa mzee kuliko wote. Lilipofika kwetu wanawake maji yalikuwa yameshakuwa ya kijivu. Niliinuka, nikachukua jagi langu la maji niliyochemsha, nikanawa pembeni, mbele ya macho ya wote. Shangazi mmoja wa mume wangu akasonya.

"Anajiona nesi," alisema.

"Muache," mwingine akasema, "labda mikono yake ni ya dhahabu, anaogopa itachuja."

Kisha kigoda kikatolewa, kitupu. Mama mkwe alimega tonge, akalichovya, akasimama mbele ya kigoda kwa muda mrefu mpaka watu wakaanza kutazamana. Nilidhani ataniita mbele za watu. Hakuniita. Aliinama, akaliweka tonge juu ya kigoda, penye mbao iliyolainishwa na makalio ya mumewe, akasema, "Kuleni." Wakala. Na mimi nilikula, kile tu kilichokuwa bado cha moto, kinatoa mvuke.

Hakuna aliyeugua katika karamu ile. Hakuna hata mmoja. Mume wangu hulitoa hili kila tunapogombana, kama mtu anayetoa kitambulisho. Husema umeona, serikali ilisema kweli, ukamnyima mama yangu mjukuu bure. Na mimi humkumbusha kilichofuata. Kura zilipigwa, zikahesabiwa, washindi wakashangilia, na hata bendera hazijaondolewa kwenye miti gari lilelile likapita Magomeni. Sauti ileile. Tusiuze chakula, tusikusanyike, tusitoke bila kupimwa.

"Mvua za vuli zilikuwa zimeanza," mume wangu husema. "Kipindupindu hurudi na mvua. Hata darasani mlifundishwa."

Ni kweli, mvua zilikuwa zimeanza. Ni kweli pia kura zilikuwa zimeshahesabiwa. Sina cha kumwonyesha ambacho yeye hawezi kukigeuza, na yeye hana cha kunionyesha mimi. Kinachonikera mpaka leo ni kwamba hakuna aliyekuja kutueleza. Mtu anayekufungia na kukufungulia bila kukuambia sababu anakuacha uitafute mwenyewe, na ukiitafuta unaambiwa una mdomo.

Kibanda cha mama kikafungwa tena. Mimi nikafungiwa tena Kilosa. Nilimfuata mwanangu masika yalipokwisha kukatika, gari la matangazo likiwa limepita kwa mara nyingine na sauti yake ya furaha, na mara hii nilisubiri mpaka nikaona kambi pale shuleni imefumuliwa, madirisha yamepakwa rangi na watoto wamerudi kwenye madawati.

Nilimkuta amesimama mbele ya kibanda, anafukuza kuku kwa ufagio. Alikuwa anaongea, sentensi nzima nzima, kwa lafudhi ya madereva.

"Msalimie mama," mama yangu alimwambia.

Mtoto alimtazama bibi yake, akanitazama mimi, akarudi kwa bibi yake. Hakuelewa ni nani kati yetu anayetajwa. Mwishowe akachagua kuwa na adabu kwa mgeni. Akaweka mkono kichwani pake, kama watoto wanavyoamkia wakubwa.

"Shikamoo anti."

"Marahaba," nikasema. Salamu lazima iitikiwe.

Mama aligeuka haraka kuangalia sufuria isiyokuwa na kitu. Kisha akaingia ndani, akarudi na kile kikombe cha bati alichokuwa amekitundika juu msumarini, amekifunga kwenye kitambaa chake. Alinipa mkononi.

"Chemsha," alisema. "Hata wakitangaza."